Kilichobaki Ndani ya Kabati



Huko Kimuka, Kaunti ya Kajiado, yupo mjane aliyesoma chuoni kwangu utotoni. Alinunua kabati kuukuu la droo, la mti wa mkangazi, ambao maseremala huuita mahogani. Lilikuwa la bibi kizee aliyekwisha fariki, na mwanawe mmoja ndiye aliyeliuza. Alipolisafisha, nyuma ya droo ya chini akakuta kitambaa kilichofungwa, ndani yake bangili mbili za dhahabu. Akanipigia simu: “Maalim, bei nimelipa yote, na karo ya watoto inanisonga. Je, hii si riziki yangu?”

Nilimjibu: “Mwanangu, ulichonunua ni kabati, si kilichofichwa ndani yake.” Wala si luqata, yaani kitu kilichookotwa, ambacho Mtume (S.A.W.) aliagiza kitangazwe mwaka mzima, kwani hapa mwenyewe anajulikana. Ni amana, na Surat An-Nisaa, aya ya 58, yatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Bibi akiwa amefariki, haki ni ya warithi wake wote, mabinti kwa wana, baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Kwa hiyo nikamsihi asimkabidhi muuzaji peke yake, bali mbele ya ndugu zake.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyenunua ardhi akakuta mtungi wa dhahabu. Akaurudisha, na muuzaji akaukataa, kila mmoja akihofia kula cha mwenziwe. Mwamuzi akawaambia wawaozeshe watoto wao, na mali ile iwatumikie.

Mjane akarudisha. Mabinti wa marehemu walipoziona bangili waliangua kilio, kwani mtumishi wa nyumba alikwisha fukuzwa kwa tuhuma ya kuziiba. Wakaondoka kumtafuta wamtake radhi.

Karo ya watoto ingali deni. Lakini lau mama huyu angenyamaza, watoto wake wangelisomeshwa kwa dhahabu iliyomvunjia mwanamke mwingine heshima.

Enyi akina mama, andikeni mlichonacho na mahali kilipo, na mumjulishe mwaminifu mmoja. Nanyi mnunuao vyombo vilivyotumika, fungueni kila droo mbele ya muuzaji.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali. Amin.