Dar tunazima taa, Kisarawe tanuri linawaka!

Msomaji wangu, kila mwaka Jumamosi moja ya mwishoni mwa Machi, ikigonga saa 2:30 usiku, kuna watu duniani wanazima taa kwa makusudi. Siyo kwamba luku imekwisha, siyo mgawo, wala transfoma haijalipuka. Wanazima wenyewe, wanakaa gizani saa moja, halafu saa 3:30 wanawasha na maisha yanaendelea. Shughuli hiyo inaitwa Earth Hour, nasi hapa tuiite Saa ya Dunia. Mnara wa Eiffel kule Paris huzimwa, na hapa Bongo nako wapo wanaojiunga: mishumaa mezani, juisi ya baridi, picha mbili tatu za kwenye simu, na kesho yake watu wanahadithiana jinsi walivyookoa mazingira.

Mimi sina ugomvi na giza. Kijana wa Dar aliyeuona mgawo wa 2011 na ule wa 2023 hafundishwi na mtu kukaa gizani. Lakini kuna swali limenikaa rohoni muda mrefu: hivi hiyo saa moja inaisaidia nini misitu yetu? Au ni fasheni tu ya wenye nafasi? Badala ya kubishana kijiweni mpaka mate yakauke, nikaamua kupanda gari nikaangalie mwenyewe mazingira yanapoumia. Wala si mbali. Ni Kisarawe hapo, kilomita thelathini na kitu kutoka Posta.

Kabla hatujaondoka, tujue kwanza jambo lenyewe lilizaliwa wapi. Lilianzia Sydney, Australia, tarehe 31 Machi 2007, likiongozwa na shirika la WWF la huko. Waandaaji walisema watu zaidi ya milioni 2 walishiriki, na matumizi ya umeme katikati ya jiji yakashuka kwa asilimia 10.2 katika saa ile. Sasa sikiliza vizuri hapa. Umeme wa Sydney wakati ule ulitoka zaidi kwenye makaa ya mawe. Kwa hiyo mtu wa Sydney akigusa swichi anagusa makaa ya mawe, hata kama hayaoni. Alama yao ilikuwa na mantiki yake.

Sisi je? Umeme wetu sehemu kubwa unatoka kwenye maji na gesi asilia. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na limejengwa kutoa megawati 2,115. Makaa yetu sisi hayako kwenye mtambo wa umeme, msomaji. Yako jikoni. Ndiyo huo mkaa mweusi unaopimwa kwenye kisado pale gengeni, nao hauna swichi.

Haya, twende.

Nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa sababu wenyeji waliniambia ukichelewa hukuti kitu. Daladala ikashika Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Tukapita Tazara, tukapita uwanja wa ndege taa zote zikimeremeta, Ukonga, mpaka Gongo la Mboto. Pale nikabadilisha gari. Ni hapo, giza bado halijaachia vizuri, nikaanza kuwaona: bodaboda moja, mbili, tano, zinateremka kuja mjini, kila moja imebeba magunia mawili hadi matatu ya mkaa yamefungwa kwa kamba za mpira, na juu ya gunia lile kofia la majani ya kuzuia mkaa usimwagike. Dereva humwoni vizuri, unaona magunia yanatembea. Wengine bado wanatumia baiskeli. Anakanyaga miguu imekakamaa, jasho linamtoka alfajiri na baridi. Ukimwangalia kijana yule unajua kabisa kwamba hatafuti kuharibu dunia, anatafuta kodi ya chumba.

Ukifika Pugu hewa inabadilika. Barabara inapanda vilima, na mtu wa mjini anashangaa kwamba karibu hivi na Kariakoo kuna msitu. Ni msitu wa kweli, siyo miti ya bustanini. Pugu na mwenzake Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya asili ya pwani, na ndani yake kuna mimea ambayo huikuti kwingine duniani. Kuna mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini ambayo siku hizi wapangaji wake ni popo. Na ni Pugu hapo hapo alipofundisha Mwalimu Nyerere kabla hajaingia moja kwa moja kwenye siasa. Kijana wa Dar mwenye nauli tu na chupa ya maji anaweza kwenda kupumzisha macho Jumapili akarudi jioni. Sijui kwa nini wengi wetu tunakujua Coco Beach tu.

Lakini ukiwa mwangalifu utaona pia visiki. Msitu huu umeliwa miaka mingi, na mlaji mkubwa ni jiji lililo chini ya kilima.

Kisarawe mjini nilikunywa chai na chapati mbili, nikapata mwenyeji mwenye pikipiki, tukashika njia ya Maneromango. Kichekesho ni kwamba wilaya ya Kisarawe nayo ina kata inaitwa Masaki. Nikamwambia mwenyeji wangu kwamba kule kwetu Masaki watu wanakula gizani kwa mishumaa ili kuokoa misitu. Akacheka mpaka nikaogopa tutaanguka.

Mbele huko, nje ya barabara, kwenye shamba la mtu, nikaliona tanuri. Kama hujawahi kuliona, fikiria kaburi kubwa linalotoa moshi. Magogo yanapangwa, yanafunikwa nyasi, juu inashindiliwa udongo, unaachwa mlango wa moto na matundu ya moshi. Linaungua siku kadhaa, na kubwa linaweza kufika wiki mbili. Usiku mchomaji halali, maana udongo ukibomoka hewa ikaingia, mti wote unageuka majivu na kazi imekwenda na maji. Mzee mmoja aliyekuwa analinda tanuri lake hakutaka jina wala picha. Nikamwamkia, akanikaribisha nikae kwenye gogo.

"Mzee, kwani miti haitakwisha?"

"Itakwisha, mwanangu," akanijibu bila kubabaika. "Mahindi mwaka juzi yalikauka, korosho nazo zina msimu wake. Mkaa hauna msimu. Ninyi huko mnakula kila siku."

Nikakosa la kumjibu, nikaomba maji ya kunywa.

Tanuri la kienyeji ni fujo tupu kwa upande wa hesabu. Katika kilo 10 za mti unapata kilo moja au mbili za mkaa, zilizobaki zimeondoka na moshi. Na ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania nzima ilikuwa inatumia mkaa tani milioni 1 kwa mwaka, karibu nusu yake ikiishia Dar peke yake. Ripoti hiyo hiyo ikasema kati ya 2001 na 2007 kaya za Dar zinazopikia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Yaani wakati Sydney wanazima taa kwa mara ya kwanza, sisi tulikuwa tunaongeza majiko.

Nikiwa pale kwenye gogo nikatoa simu nikapiga hesabu, nawe piga na mimi. Chukua nyumba yenye taa 5 za kisasa za wati 9. Zote pamoja ni wati 45. Ukizizima saa moja umeokoa uniti 0.045. Kilo moja ya mkaa mzuri ina joto la kama uniti 8. Gawanya sasa: nyumba hiyo itabidi iadhimishe Saa ya Dunia kila mwaka, bila kukosa, kwa miaka kama 178, ndiyo ilifikie joto lililomo kwenye kilo moja ya mkaa! Najua mwalimu wangu wa fizikia wa sekondari atanishika shati, kwamba joto la jiko na umeme wa taa si kitu kimoja, na kwamba sehemu kubwa ya joto la jiko inapotelea hewani. Sawa, mwalimu, toa nusu, toa robo tatu. Bado ni zaidi ya miaka arobaini kwa kilo moja, na hapo maharage hayajaiva.

Hata huko kwa wenzetu mambo si makubwa. Utafiti uliotoka 2014 ulikusanya vipimo 274 vya Saa ya Dunia kutoka nchi 10, na kwa wastani umeme ulishuka asilimia 4. Asilimia 4 kwa saa moja, katika mwaka wenye saa 8,760. Waandaaji wenyewe siku zote wamesema lengo si kuokoa umeme bali kutoa ishara. Haya, ishara imetolewa. Nani ameiona, na amefanya nini?

Hapo sitaki kuwa mchoyo, maana wapo walioitumia saa hiyo kwa akili. Urusi mwaka 2012 waliigeuza kuwa siku ya kukusanya saini za kudai sheria ya kulinda bahari dhidi ya mafuta, zikapatikana zaidi ya 120,000, na sheria ikapita mwaka huo huo. Jirani zetu Uganda mwaka 2013 walianzisha Msitu wa Saa ya Dunia kwenye hekta 2,700 za ardhi iliyokuwa imeharibika. Huyo ndiyo mtu namwelewa. Kazima taa, halafu kashika jembe. Anayenichosha ni yule anayezima taa sebuleni wakati jikoni kwake dada wa kazi anapuliza jiko la mkaa machozi yakimtoka.

Serikali nayo imeanza kuangalia jikoni. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilipewa hadi mwisho wa Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa, na Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa kutaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Karatasi hiyo haina mishumaa wala muziki laini, lakini ukiniuliza mimi, ndiyo inayomgusa yule mzee wa tanuri.

Nilirudi Gongo la Mboto saa nane mchana na njaa yangu. Kwa mama lishe mmoja nikakuta meko mbili pembeni pembeni: mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 una birika la chai, na jiko la mkaa limebeba sufuria kubwa la maharage.

"Shikamoo mama. Mbona unatumia yote mawili?"

"Marahaba mwanangu. Gesi ya chai na mayai. Maharage yataimaliza siku tatu tu, faida nitaiona wapi?"

Kisado cha mkaa ananunua shilingi 2,500, na siku mkaa ukiwa wa mwembe hautoshi, unawaka kama karatasi. Nikamweleza habari za Saa ya Dunia. Akaniuliza ni saa ngapi hasa. Nikamwambia saa 2:30 usiku.

"Ebo! Saa hiyo ndiyo nachambua maharage ya kesho. Nizime taa niwape wateja mawe?"

Tukacheka wote na wateja wengine. Lakini nilipomtajia presha kuka za umeme, kwamba kilo ya maharage inaiva kwa chini ya uniti moja, na kwamba luku ya shilingi 10,000 inatoa uniti 28, akaacha kukoroga. Akataka kujua kama kubwa zipo, maana ana wateja thelathini na ile ya nyumbani haimfai. Akauliza bei. Nikamwambia laki na zaidi. Akaangalia sufuria lake, akaangalia gunia lililobaki robo ukutani.

"Wanakopesha?" akaniuliza. "Niwe nalipa kidogo kidogo, kama ninavyolipia kisado?"