Mpiga Saksafoni wa Darajani

Katika majira ya joto ya mwaka 1959, Sonny Rollins, mpiga saksafoni wa New York, aliacha kupiga muziki mbele ya watu. Hakuwa mgonjwa, wala hakukosa kazi. Umri wake ulikuwa haujatimia miaka 29, na sahani za santuri alizokwisha kutoa zilikuwa zimemweka katika safu ya mbele ya wapiga jazi wa Marekani. Mwaka 1958 mtaalamu wa muziki, Gunther Schuller, aliandika makala kueleza jinsi Rollins, katika muziki uitwao Blue 7 ulionaswa mwaka 1956, alivyotwaa noti chache tu, akazikuza, akazigeuza na kuzirejea hata zikawa jengo zima. Sifa kama hiyo ingalimtosha mtu mwingine kwa maisha yake yote. Rollins ilimtia wasiwasi. Watu walisifu kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwa na hakika ya kukipata kila usiku, na wale waliolipa viingilio vyao kuja kukisikia aliona anawapunja.

Aghalabu hudhaniwa kuwa kutunga papo kwa papo ni kipaji kitupu, na kwamba mpiga jazi hufumba macho akapuliza lolote limjialo. Malenga anayejibu shairi barazani, vina na mizani vikiwa kamili, hudhaniwa vivyo hivyo na wasiojua maneno mangapi ameyapanga kichwani kabla ya siku ile. Katika jazi vina na mizani ni mfululizo wa miafaka, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja chini ya wimbo. Kila mwafaka una noti zinazokaa vizuri juu yake na noti zinazouparuza. Wimbo wa kawaida una vipimo 32 vya mapigo manne manne. Ukipigwa kwa mwendo wa mapigo 240 kwa dakika, kila kipimo hupita katika sekunde moja, na wimbo wote huisha katika sekunde 32, kisha huanza tena. Katika sekunde hiyo moja mpigaji huweza kutia noti nane. Hana nafasi ya kuuliza kidole kiende wapi.

Chombo chenyewe nacho kina inda. Adolphe Sax, Mbelgiji, alipata hati ya uvumbuzi wake mjini Paris mwaka 1846. Alikiunda kwa shaba, akakipa kilimi kimoja cha tete, chembamba, ambacho hutetema kwa pumzi. Tete likikauka hugoma; midomo ikilikaza mno sauti huwa nyembamba kama ya chiriku, ikililegeza mno noti hushuka. Kwa hiyo zoezi la kwanza, ambalo wanafunzi wengi hulichukia, ni kushika noti moja tu: kuianza kwa unyonge, kuikuza polepole mpaka itimie, kisha kuipunguza hadi kimya bila ya kutikisika. Zoezi la pili ni gumu zaidi. Vidole hufunga matundu yote ili noti ya chini kabisa ilie, kisha, pasipo kuinua kidole hata kimoja, koo na midomo hutakiwa kuitoa ile ile kwa sauti ya juu, na nyingine ya juu zaidi. Ni kazi ya miezi. Jirani yeyote atashuhudia kuwa haina utamu.

Na jirani ndiye aliyemtoa Rollins nyumbani. Karibu na chumba chake, mtaa wa Grand, aliishi mwanamke mjamzito, naye Rollins hakutaka kumsumbua kwa makelele. Siku moja akiwa matembezini aliiona ngazi ya Daraja la Williamsburg, lililofunguliwa mwaka 1903 kuunganisha Manhattan na Brooklyn juu ya mto wa East River. Alipanda. Juu palikuwa na njia ya wapita kwa miguu; chini yake magari na treni vilinguruma, na chini zaidi meli zilipita. Hapakuwa na wa kumsumbua.

Alikwenda hapo kwa muda wa miaka miwili, mchana na usiku, na wakati wa baridi pia. Siku nyingine alipiga saa 15 au 16. Mara moja moja mwenzake, Steve Lacy, alifuatana naye. Pahala penyewe palifundisha. Ukuta wa chumba humrudishia mpigaji sauti yake ikiwa imenona, hata akajiona hodari. Anga halimrudishii kitu. Asiyekuwa na pumzi kamili huko juu hajisikii hata mwenyewe, kwa kuwa treni imekwisha kummeza.

Alirejea jukwaani Novemba 1961, na mwaka 1962 ikatoka santuri yake iitwayo The Bridge, pamoja na mpiga gitaa Jim Hall. Baadhi ya wahakiki walivunjika moyo. Walikuwa wamengoja mtindo mpya kabisa, kwa sababu katika muda ule ule Ornette Coleman na John Coltrane walikuwa wakiigeuza jazi chini juu, na hapa walikutana na nyimbo za zamani zilizopigwa na mtu yule yule. Malalamiko yao yalikuwa na haki kidogo. Lakini walisikiliza kile ambacho Rollins hakwenda kukitafuta. Noti zake sasa zilisimama imara mwanzo hadi mwisho, za juu kama za chini, na alipofikiri jambo katikati ya kipimo vidole vilikuwa vimekwisha kufika. Naye aliendelea na mazoezi kila siku, kama mtu aliyekuwa bado yuko darajani.