Katoni ya Guka

Altın Gün walinipata Ruiru, kwenye bedsita yangu ya Kihunguro, usiku ambao stima zilipotea mtaa mzima. Simu ilikuwa na asilimia 11. Beste wangu alikuwa amenitumia wimbo mmoja siku hiyo akaniambia tu, sikiza hii, utanishukuru. Besi ikaingia kwanza, nzito, ya kukuvuta kiuno hata ukiwa umelala. Halafu chombo fulani cha nyuzi, kikali kama gita lililokasirishwa. Baadaye nilijua kinaitwa saz. Dada mmoja akaanza kuimba Kituruki. Sikushika hata neno moja, na niliurudia wimbo huo mpaka simu ikazima.

Kesho yake nilifanya ile kazi ya kuchimba kila kitu kuwahusu. Ni bendi ya Amsterdam. Mpiga besi, Jasper Verhulst, ni Mholanzi aliyependa rekodi za Kituruki za miaka ya 60 na 70, akatafuta waimbaji Waturuki kupitia Facebook. Wakapatikana Merve Daşdemir na Erdinç Ecevit. Albamu yao Gece ya 2019 iliteuliwa kuwania Grammy. Jina la bendi ni siku ya dhahabu, na Uturuki akina mama wana desturi yenye jina kama hilo: wanakutana, kila mmoja analeta dhahabu, anayepokea zamu hii si wa zamu ijayo. Yaani chama. Chama kama cha mama yangu, tofauti ni kwamba wao wako na dhahabu na sisi tuko na sufuria.

Lakini kilichonikaa ni kwamba nyimbo nyingi si zao. Ni za watu kama Neşet Ertaş, wazee waliozunguka na saz wakiimba mambo ya kijijini. Hawa vijana wanachukua wimbo ambao Mturuki wa umri wangu angeuita wa kina babu, wanautia sintesaiza, na msee wa Ruiru anacheza gizani.

Hapo ndipo nilikumbuka katoni.

Guka wangu aliishi Makongeni, Thika. Alikuwa na redio ya kaseti iliyofungwa mpira wa tyubu ili mlango wa kaseti usifunguke. Jioni alikuwa anaweka Joseph Kamaru, na sisi wajukuu tunaambiwa tunyamaze, mzee anaongea. Mzee ni Kamaru, si yeye. Mimi Kikuyu changu ni cha kuombea chai na kusalimia wageni, kwa hivyo nilisikia gita tu na watu wazima wakicheka mahali ambapo mimi sikuona kichekesho. Nilikuja kusoma nikiwa mkubwa kwamba wimbo wake kuhusu mwalimu anayetongoza mwanafunzi uliwaudhi walimu hadi wakatishia kugoma. Nchi nzima ilikuwa inabishana na wimbo ambao mimi nilisinzia nao.

Guka alikufa 2013. Wiki mbili baada ya mazishi, tata, dadake baba, ambaye ameokoka kweli kweli, alisema nyumba isafishwe na muziki wa dunia utoke. (Kamaru mwenyewe alikuwa ameokoka 1993 akaacha nyimbo zake za zamani, kwa hivyo hata ningekuwa na mdomo singekuwa na hoja.) Nilipewa katoni nikaitupe. Nilikuwa na miaka 14. Ningeweza kuificha kwa jirani. Niliibeba mpaka jaa, nikaimwaga, nikarudi na katoni yenyewe kwa sababu ilikuwa bado nzuri.

Kamaru alifariki Oktoba 2018. Ana mjukuu anayeitwa Joseph Kamaru pia, kwa ile desturi yetu ya kumrudisha babu kwa jina. Dunia inamjua kama KMRU. Anaishi Berlin na muziki wake ni wa sauti zinazotambaa polepole, hauna ngoma, ukiucheza kwa mathree ya 237 utashushwa Githurai. Nilitarajia naye angefanya kama Altın Gün, amtie babu yake sintesaiza. Kwa zile nyimbo za babu hakufanya hivyo. Amekuwa akizitoa upya kwenye Bandcamp kama zilivyorekodiwa. Nilipozipata nilifurahi, kisha nikaona wivu wa kijinga: huyu jamaa alipewa jina na akachunga mzigo. Mimi pia nimeitwa jina la guka.

Jumapili nilienda Thika. Baba alikuwa nje anaosha gari, nikaweka simu juu ya boneti nikacheza Kamaru bila kusema kitu. Aliacha kitambaa ndani ya ndoo. Nikamwomba anitafsirie. Akaanza vizuri, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu akakwama, akacheka peke yake.

"Hiyo haisemeki kwa Kiswahili," akasema. "Ngoja. Hapana. Haisemeki."

Nikamwambia ziko zote kwa intaneti, zile za guka nilizotupa. Nilitaka anisamehe bila mimi kuomba.

"Hata ile ya jogoo?"

Sikuijua. Akanieleza: guka alikuwa anarekodi nyimbo kutoka redioni, anaweka redio mbili zikitazamana mezani. Siku moja jogoo wa jirani akawika katikati ya wimbo, na guka anasikika akimtukana, halafu cucu akicheka kutoka jikoni. Cucu alikufa kabla sijazaliwa.

"Hiyo haiko," nikasema.

Baba akachukua kitambaa, akakikamua. "Rudisha mwanzo," akaniambia. "Nijaribu tena huo mstari."