Bagamoyo kwa Mara ya Kwanza

Basi lilitoka Makumbusho asubuhi. Mpwa wangu wa miaka tisa alikaa dirishani, kimya, kama alivyokuwa tangu wazazi wake waachane. Tukapita Tegeta, Bunju na Mapinga asiulize kitu. Mimi nami nilikuwa sijawahi kufika Bagamoyo, ingawa ni kilomita zipatazo 70 tu kutoka Dar es Salaam. Nilichokijua ni chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambacho leo kinaitwa TaSUBa. Mwalimu mmoja aliyesomea pale hukusanya watoto uani kwake, wengi wao wazazi wameachana, na kuwafundisha ngoma na maigizo.

Tulipofika uani kwake, watoto walicheza ngoma mpaka jasho likawatoka. Kisha mwalimu akaomba igizo fupi la nyumbani, na mpwa wangu akanyanyuka. Akamweka msichana mmoja upande huu, mvulana upande ule, yeye katikati.

“Mwambie baba yako ada haijalipwa.”

Akakimbia.

“Mwambie mama yako nimeshatuma.”

Akarudi mbio. Akaenda tena, akarudi tena, sasa anahema kwelikweli, na wenzake walioanza kwa kucheka wamenyamaza. Mwalimu akapiga makofi, wote wakaganda. Nani angebadilisha jambo hapa? Mtindo huo wa mtazamaji kuingia mchezoni ulienezwa na Augusto Boal wa Brazil tangu miaka ya 1970. Mvulana mdogo kuliko wote akainuka, akawatazama “baba” na “mama”.

“Si mpigiane simu?”

Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Sisemi amepona. Ila Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama, inapoamua mtoto alelewe na nani, izingatie matakwa yake akiwa na umri wa kujieleza. Mtoto anayenyamazishwa nyumbani atajieleza vipi mbele ya hakimu? Pale uani alitamka asiyothubutu kumwambia mama yake, maana aliyekuwa akisema ni mhusika, si yeye.

Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, “Mjomba, ukimwambia mama, atakasirika?” Nikamwomba ruhusa, akanipa. Nikamweleza dada yangu, kisha nikampigia aliyekuwa shemeji yangu.

Nanyi mlioachana, mambo ya ada na matumizi zungumzeni wenyewe. Mtoto msimtume.