Taa ya Manjano, Kutoka Bandarini hadi Ndera

Njia itokayo bandari ya Dar es Salaam hadi Ndera, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, ni ya zaidi ya kilomita 1,400, nayo hupanda kutoka usawa wa bahari hata kufikia vilima vya karibu mita 1,500, na kila aazimiaye kuikata kwa gari lililokwisha tumika miaka mingi hana budi kulichunguza gari lake kabla ya kuiuliza njia. Gari nililokabidhiwa kulipeleka kwa shemeji yangu, mkaazi wa Ndera, lilikuwa la Kijapani kwa asili yake, ila liliundwa mwishoni mwa mwaka 2007 kwa soko la Marekani, usukani wake u kushoto. Sababu ni kwamba Rwanda watu hupita upande wa kulia wa barabara, basi yale magari yaliyotumika Japani yenyewe, ambayo yamejaa Tanzania na Kenya, hayawafai. Wao huyatafuta Marekani, Ulaya, Korea na nchi za Ghuba. Habari hii ya usukani naitanguliza kwa makusudi, maana ndiyo iliyoleta mambo yote yaliyofuata.

Tangu nilipoliwasha gari katika uwanja wa bandari, taa ndogo ya manjano iliwaka kwenye dashibodi: umbo la tairi lililokatwa katikati, chini yake pana meno meno, na ndani yake alama ya mshangao. Ilikuwa taa ya upepo wa matairi. Nilikwenda kituo cha mafuta, matairi yote manne yakapimwa na kujazwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, nacho ni paundi 32; lakini taa haikuzimika. Tukapita Chalinze na Morogoro, tukalala Dodoma, tukateremka Sekenke kwa hadhari kuu nyuma ya malori yaliyoelemewa na shehena, na muda wote huo taa ilibaki pale pale, haiongezeki wala haipungui.

Yafaa msomaji afahamu taa hiyo ilikotoka. Mwezi Agosti mwaka 2000, kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi yake milioni 6.5 huko Marekani, baada ya mikanda ya matairi kubanduka katika mwendo na magari kupinduka, na katika ajali hizo wakafariki watu zaidi ya 200. Haukupita mwaka: tarehe 1 Novemba 2000 Rais Clinton alitia sahihi sheria iliyolazimisha, pamoja na mengine, kila gari dogo jipya liwe na chombo cha kumwonya dereva upepo unapopungua, na kufikia Septemba 2007 amri hiyo ilikuwa imeyaenea magari yote madogo yaliyoundwa kwa nchi ile. Kipimo kilichowekwa ni kwamba taa iwake tairi likipungukiwa na robo ya upepo wake. Kwa hiyo ile taa ya manjano ilikuwa imegharimiwa kwa roho za watu, nami sikuwa radhi kuidharau, seuze nilipokuwa nikienda kulikabidhi gari kwa mtu mwenye mke na watoto wadogo.

Ndiyo maana shauri nililopewa Kahama sikulikubali. Kijana mmoja wa kuziba pancha, mwenye adabu na mikono myepesi, alipima tena matairi yote, akayaona yamo sawasawa, kisha akasema kwa nia njema kabisa, "Mzee, magari haya ya zamani ndivyo yalivyo, taa zake haziishi. Nikubandikie kipande cha tepu nyeusi, safari iendelee." Nilimshukuru, nikamlipa haki yake, nikaenda zangu na taa yangu. Tepu hiyo nimeiona katika magari mengi ya Afrika Mashariki, juu ya taa ya injini, ya breki, na ya mikoba ya hewa, na kila niionapo moyo hunisononeka, kwani anayekuja kulinunua gari baadaye hununua pia ujinga wa yule aliyeibandika.

Baada ya Lusahunga barabara huelekea mpakani, na daraja la Rusumo likikupitisha juu ya mto Kagera, upande wa kushoto unakuwa wa kulia, na dereva aliyekuwa akichungulia kwa taabu nyuma ya malori huona mara moja faida ya usukani wake. Kirehe, Ngoma, Kayonza na Rwamagana tulizipita katika manyunyu ya mvua, migomba huku na huku. Kabuga tulifika jua limekwisha kuchwa, na Ndera tukapokewa kwa chai ya moto.

Asubuhi shemeji alinichukua kwa fundi wake, mtu mzima aliyejifunza kazi Goma, ambaye gereji yake ni kibanda cha mabati na uwanja wa udongo mwekundu, si mbali na njia iendayo hospitali ya maradhi ya akili ambayo kwayo jina la Ndera linajulikana Rwanda nzima. Hakushika geji kwanza. Aliuliza swali ambalo katika njia yote hiyo hapakuwa na aliyeniuliza:

"Mzee, ukiwasha gari, taa inapepesa kwanza, ao inawaka moja kwa moja?"

"Inawaka moja kwa moja, fundi."

"Basi sensa ziko nzima, zinasema. Kuna mahali upepo umepungua kweli."

Katika swali hilo mlikuwa na elimu kubwa. Ndani ya kila gurudumu la magari ya namna ile, kwenye shina la valvu, hukaa sensa ndogo yenye betri yake na redio yake, ambayo hupima upepo na kupeleka habari kwa gari. Betri hiyo haibadilishwi. Ikifa, aghalabu baina ya mwaka wa 5 na wa 10, sensa nzima hutupwa. Gari lisiposikia mojawapo ya sensa zake, taa hupepesa kwa dakika moja hivi baada ya kuwashwa, kisha ndipo hutulia ikiwaka. Lakini upepo ukiwa umepungua, huwaka bila kupepesa. Asiyeijua tofauti hii aweza kununua sensa mpya ilhali tairi linahitaji upepo tu, au akajaza upepo mwaka mzima ilhali betri imekufa. Tena sensa za magari ya Marekani husema kwa masafa ya megahezi 315, na za Ulaya kwa 433, basi katika mji kama Kigali, ambamo magari ya pande zote mbili hukutana, mtu aweza kufungiwa sensa nzima kabisa ambayo gari lake halitaisikia abadani.

Ndipo akapima. Geji yake ilionyesha matairi manne yote yamo baina ya paundi 31 na 32, na hapo nilimwona amenyamaza, akitazama juu kana kwamba anapiga hesabu. Akanieleza kwamba geji ya mkono hulinganisha upepo wa ndani na hewa ya nje. Pwani hewa ya nje hukandamiza kwa paundi 14.7, lakini kwenye vilima vya Kigali ni paundi 12 na kitu, kwa hiyo tairi lililojazwa Dar es Salaam huonekana limezidi paundi 2 na zaidi likifika huku, ingawa upepo wake haukuongezeka hata chembe. Baridi ya alfajiri nayo huupunguza, karibu paundi 2 kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoshuka. Mambo hayo mawili hupingana, na geji ikaonyesha kama kwamba hapana lililobadilika. Lakini ziko sensa zisizojua habari ya milima, ambazo huhesabu kama kwamba gari lingali pwani, nazo huuona upepo huo huo kuwa mchache. Mimi niliyezaliwa Tanga, ambako bahari iko mlangoni, sikupata kufikiri kwamba hewa yenyewe ina mizani tofauti huku juu.

"Hata hivyo," akasema, "hiyo haitoshi kuwasha taa. Robo ya upepo ni paundi 8. Ngoja nilale chini."

Akatandika gunia, akaingia chini ya gari kwa nyuma, mahali tairi la akiba linaponing'inia kwa mnyororo wake. Alisugua valvu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hata tope na kutu vilipoondoka, akaniita niiname nitazame. Valvu ya tairi la akiba katika magari mengi ni ya mpira mtupu. Hii ilikuwa ya chuma, imekazwa kwa nati iliyofanya chokaa ya kijani pembezoni, sawasawa na valvu za yale magurudumu manne yanayozunguka. Basi gari hili lilikuwa na sensa ya tano. Sheria ya Marekani haikulazimisha tairi la akiba lisimamiwe, lakini waundaji wengine waliongeza sensa huko kwa hiari yao, kwa magari yanayobeba tairi la akiba lililo kamili. Tulipitisha mpini mrefu wa jeki katika tundu la bampa ya nyuma, tukauzungusha pole pole, na tairi likashuka likitoa vumbi. Geji ilionyesha paundi 14.

Nilisimama pale nikiwafikiria wote waliopima matairi manne kwa uaminifu kamili, nikafikiri na usiku wa njia ya Ushirombo, malori mbele na nyuma: lau tairi moja lingepasuka huko, tungelifungua la akiba tukalikuta halifai. Kumbe taa ilikuwa ikiyasema hayo tangu bandarini.

Lilijazwa hadi paundi 32, likasuguliwa kwa maji ya sabuni, na pale penye nati viputo vidogo vikaonekana vikitoka kimoja kimoja. Fundi alibadilisha raba ya valvu, akapaka tena sabuni, pakawa kimya. Taa haikuzimika papo hapo, wala yeye hakutaharuki, kwani sensa hupeleka habari kwa vipindi ili kuhifadhi betri. Tukaingia garini sote watatu tukaelekea Nyagasambu, na tulipokuwa tumekwisha ipita Kabuga, shemeji akanigusa bega akinionyesha dashibodi. Ilikuwa safi.

Tulirudi Ndera tukazungumza yaliyosalia. Fundi alimwusia shemeji apime matairi alfajiri kabla gari halijatembea, kwa geji moja ile ile, na tairi la akiba kila mwezi pamoja na mengine. Na akamwambia bila kumficha kwamba sensa zote tano zina umri mmoja, hivyo siku taa itakapoanza kupepesa asishangae, ajue betri zimefika mwisho, anunue za 315. Mimi nilikuwa na ombi moja. Alikuwa na daftari la wateja, lenye jalada la bluu lililojaa alama za vidole, ambamo huandika gari na maradhi yake. Nikamwomba aandike humo, kwa herufi kubwa, habari ya valvu ya chuma chini ya gari, ili mwanafunzi wake atakayeletewa jingine la namna hii aanzie huko. Akaandika, akanisomea, kisha akaongeza kwa kalamu nyekundu lile swali lake la kwanza.