Karai la Mama

Mama aliuza mandazi nje ya lango la shule ya msingi, Kayole. Saa kumi alfajiri alikuwa akikanda unga. Saa kumi na mbili alikuwa ameketi nyuma ya karai, na kuanzia hapo wakati wowote mtu angeweza kupiga kelele barabarani: "Kanjo!" Nilikuwa na miaka minane nilipopewa kazi yangu katika biashara ile: kunyakua beseni la mandazi na kukimbia. Mama alibaki nyuma na karai, kwa sababu mafuta yanayochemka hayakimbizwi. Ndiyo maana alipoteza makarai mengi.

Leo mimi ni muuguzi katika makao ya wazee mjini Leipzig. Baridi yangu ya kwanza huku nilipeleka mandazi kazini, yenye iliki, kama ya nyumbani. Yaliisha kabla chai haijapoa. Wiki iliyofuata mwenzangu wa zamu akaniagiza hamsini ya ubatizo wa mtoto wake. Wakenya na Watanzania wa mjini wakasikia, nao wakaanza kupiga simu. Nikapiga hesabu: wikendi mbili kwa mwezi zingelipa karo ya mdogo wangu. Nikaanza hata kutafuta jina la biashara.

Kisha nikasoma karatasi inayoambatana na kadi yangu ya ukaazi. Ilikuwa imekaa kwenye bahasha mwaka mzima bila mimi kuisoma hadi mwisho. *Selbständige Tätigkeit nicht gestattet.* Kazi ya kujitegemea hairuhusiwi. Niliruhusiwa kuwaogesha wazee, kuwapa dawa, kuwashika mkono usiku wa mwisho. Kuuza andazi moja, hapana.

"Dada, nani atajua?" rafiki mmoja aliniambia. "Uza kwa WhatsApp, upokee pesa mkononi." Mwingine akasema nitumie jina la mke wake, ambaye ni raia. Siwezi kudanganya kwamba sikushawishika. Lakini Mama aliponaswa alipoteza karai na mauzo ya siku. Mimi ningeweza kupoteza kibali, na pamoja nacho kazi, nyumba na karo ile ile niliyotaka kuilipa. Na huku hakuna anayekupigia kelele ukimbie. Barua inakuja tu kwenye sanduku la posta, kimya kimya.

Yale hamsini ya ubatizo niliyapika, nikampelekea kama zawadi. Alinisukumia noti mkononi. Nikazirudisha haraka kwenye mfuko wa koti lake, kama mtu anayerudisha kitu cha wizi. Hakuelewa, nami Kijerumani changu hakikutosha kumweleza.

Baadaye nikagundua kwamba mlango haukufungwa kabisa. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani, kifungu cha 21, aya ya 6, inasema mwenye kibali cha kusudi jingine anaweza kuruhusiwa pia kufanya kazi ya kujitegemea, huku akibaki na kibali chake. *Anaweza.* Si lazima akubaliwe. Uamuzi ni wa ofisi. Nikaandika mpango wa biashara, kurasa saba kwa Kijerumani. Nikaomba mwajiri wangu aandike kwamba hana pingamizi. Nikikubaliwa, bado nitaandikisha biashara jijini, nitapata mafunzo ya usafi wa chakula, na nitatafuta jiko linalokubalika. Faili niliipeleka mwezi wa tatu. Sasa ni mwezi wa saba.

Jumapili Mama alipiga simu.

"Umeanza biashara?"

"Bado, Mama. Nasubiri kibali."

Akanyamaza, kisha akacheka. "Kumbe hata huko kuna kanjo."

"Kuna. Lakini huyu wa huku hakimbiwi."

"Mafuta umeshabandika?"

"Hapana."

"Basi tulia, mwanangu. Karai lako bado ni lako."