Sauti ya marehemu ilivyotolewa kwenye kompyuta mbovu

Kuna prodyuza mmoja wa Sinza, wa enzi zile za kurekodi usiku sababu mchana kelele, ambaye hakuwahi kuitupa Pentium 4 yake. Watu wamemcheka sana. Inawaka kwa kubembelezwa, feni inalia kama mashine ya kusaga, na bado inatumia Windows XP ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tangu Aprili 2014.

Sasa wadau, humo ndani kuna nyimbo 6 za msanii aliyefariki, hazijawahi kutoka. Binti yake ana miaka 19, naye anaimba, akaja na ombi moja tu: "Anko, nataka kuimba na baba."

Shida ni Cubase SX. Haifunguki bila kijiti chake cha leseni, kile cha kuchomeka kwenye USB. Kijiti kikifa, umekwisha. Vijana wakamshauri achukue Cubase mpya. Kweli inasoma kazi za zamani, ila tangu toleo la 9 haipokei plagini za biti 32. Unafungua wimbo, sauti ipo, vinanda vyote kimya. Huo si wimbo, ni mtu anaimba bafuni.

Fundi mmoja akaja na wazo la kuihamisha kompyuta nzima, ikaishi ndani ya laptop kama mpangaji. Akachomoa hadi diski, akainakili yote kama ilivyo kuwa faili moja, akalifungua kwa VirtualBox. Mara ya kwanza skrini ya bluu. XP ilizoea diski ya IDE, yeye kaiwekea SATA. Akabadilisha, ikawaka. Kijiti kikachomekwa kwenye laptop, kikakabidhiwa kwa XP, Cubase hiyo ikafunguka! Kelele za pale sebuleni usiulize.

Furaha ilikuwa fupi. XP ikashtuka kwamba mwili umebadilika, ikatoa siku 3 ihakikiwe upya. Halafu muziki ukipigwa unakwaruza vibaya, maana sauti inapita kwenye kompyuta mbili kabla ya kufika spika. Binti akaanza kulia, akajua sauti ya baba ndo imeharibika.

Wala. Hapa ndipo ukongwe wa prodyuza ulipoonekana: kutoa faili la WAV hakuhitaji kusikiliza. Kompyuta inapiga hesabu kwa mwendo wake, hata ikijivuta haikwaruzi. Toleo lile halitoi vyote kwa mpigo, kwa hiyo akatoa kimoja kimoja: ngoma, besi, kiitikio, mpaka vikohozi vya marehemu kati ya mistari. Siku 2, usingizi wa kuibia kwenye kochi.

Kitu kimoja tu kiligoma. Kinanda ambacho leseni yake ilifungwa kwenye ile kompyuta yenyewe, si kwenye kijiti. Kilipojikuta kwenye mwili wa kigeni kikanyamaza, na Pentium nayo wiki hiyo ikagoma kuwaka kabisa. Anko akakipiga upya kwa mkono, nyimbo 2 nzima. Binti anasema kile cha zamani kilikuwa kitamu zaidi.